Simu Yako Bado Inamleta Yule Mtu

Kibet, ndugu yangu,

Ni mimi, Mkamba wako wa mjengo. Simu yako ninayo. Siku tulipokuzika kwenu Ziwa, mama yako aliniwekea mkononi akasema, "Kaa nayo, mimi sijui kuitumia." Halafu akaniuliza kama kuna mtu kazini aliyeona kwamba unaumwa. Nikasema hapana, Mama.

Nilimdanganya. Niliona.

Ilikuwa siku ya kumwaga slabu. Ulikuwa umeshika tumbo upande wa kulia, jasho linakutoka na jua hata halijapanda. Nami nikapaza sauti wote wasikie: "Kibet, hiyo mimba ni ya nani?" Wakacheka. Wewe pia ukacheka, ukainua karai. Siku ya tatu daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na tumechelewa.

Simu haijui kwamba umekufa. Kila nikiiwasha inamleta kwenye video yule mtu wako wa miwani, anayekaa ndani ya gari kubwa akisema mwanaume halalamiki, anayelalamika avae sketi. Ulikuwa ukimsikiliza ukipiga mswaki. Mimi nilimwona mjinga. Lakini siku ile maneno yake yalitoka kwa mdomo wangu, na hata hanijui. Kuna asubuhi namsikia, yeye na mswaki wako, na simu imezimwa.

Halafu nikaona ulichokuwa ukiiuliza simu. "Tumbo kuuma upande wa kulia." "Dawa ya kutuliza tumbo nikiwa kazini." Siku tano mfululizo. Chumba kimoja, Kibet, kitanda changu kikigusa chako. Ukaiambia simu.

Vijana hapa wanamsikiliza yuleyule wakati wa chai ya saa nne. Jumanne nilimwomba Wekesa, yule wa kubeba mawe, amzime kidogo. Akasema, "Mzee, huyu anatufunza kuwa wanaume. Wewe ulifunzwa na nani?" Nilitaka kumkaripia. Basi nikawaambia habari ya mimba, yote, na kwamba mimi ndiye niliyecheka zaidi. Mmoja alimwaga chai yake akarudi kazini. Nikadhani nimejiaibisha bure.

Kesho yake Wekesa alikuja akavua gambuti mbele yangu. Alikuwa amekanyaga msumari siku nne kabla, akanyamaza. Mguu umevimba mpaka kifundo. Nilimpeleka dispensari akiniegemea, na fundi akatupigia kelele kutoka juu, "Nyinyi mmeoana?" Wekesa akamjibu, "Ndiyo, tunangoja mbuzi wako wa mahari." Nilicheka. Halafu machozi yakanitoka pale barabarani, watu wakipita, na sikuyafuta.

Mguu wake unapona. Maumivu yako ndiyo niliyoyaacha yapite.

Sina elimu ya kushindana na yule wa miwani. Ninachoweza ni hiki: kila asubuhi, kabla ya mfuko wa kwanza wa simiti, nitauliza nani anaumwa. Na nitangoja wajibu, hata fundi akifoka.

Lala sasa, ndugu yangu. Jumapili nakuja Ziwa na simu yako. Nitasimama kaburini kwako kidogo, kisha niende kwa mama yako, na sitangoja aniulize mara ya pili. Nitamwambia ndiyo, Mama. Niliona.