Nilisema Futa

Jumatatu, 3 Machi

Bado sijamaliza kusahihisha insha za kidato cha tatu. Nusu ya darasa imeandika kuhusu ajali, maana ajali humaliza hadithi upesi. Chai imepoa. Mvua.

Ombati kapiga simu nikiwa darasani. Kapiga tena. Kapiga tena. Ni binamu ya marehemu mume wangu, na kazi anayoifanya sijawahi kuijua. Nilipompokea hata salamu hakumaliza. "Shemeji, jana ulikuwa Kebirigo? Gari imeonekana."

Gari imeonekana. Si mimi. Mimi siku hizi sionekani, linaonekana gari.

Nikamwambia nilikwenda kununua ndizi. Naishi Kisii, ndizi zimejaa kila kona, halafu niendeshe mpaka Kebirigo kufuata ndizi. Hata yeye aliguna. Nimejidharau mchana kutwa.

Jumatano, 5 Machi

Makori, mume wangu, alipenda kromu. Wanaume wengine hununua redio kubwa, yeye alinunua vitu vya kung'aa. Grili ya mbele, vishikio vya milango, vifuniko vya vioo vya pembeni, ukanda chini ya madirisha, fremu za taa. Mpaka kifuniko cha tangi la mafuta. Nilimcheka akacheka. Watoto wa Sironga, kwao, wakaliita gari lile Kioo. Mpaka leo ninapokata kona ya chini nawasikia: "Kioo imekuja! Kioo imekuja!" Mmweko hufika bomani kabla ya magurudumu.

Amekufa miaka minne. Bado natembea ndani ya mng'ao wake.

Leo mwalimu wa kemia alikuja na gari lake limebadilika. Kila kilichokuwa kinang'aa kimefunikwa stika nyeusi. Nilipita mbele yake sikulitambua! Gari ninaloliona kila siku. Nimekaa na jambo hilo vipindi viwili vizima, sikumbuki nilichofundisha. Gari lisilotambulika. Gari la mtu yeyote tu.

Fundi anaitwa Hassan, ana duka nyuma ya soko hapa mjini. Mwalimu wa kemia ana jina la Kizungu la kazi hiyo. Nimemwambia Kiswahili kinajitosheleza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeingia Sironga kabla jua halijazama, kama kila Ijumaa, ili Sabato inikute kwa Mama. Kioo imekuja, kelele, mbwa, kila kitu. Mama ameshapika. Yeye ni mama wa Makori, lakini nimemwita Mama muda mrefu kuliko nilivyomwita Makori mume wangu.

Hatukujaliwa mtoto. Makori alikuwa wa pekee kwake. Nikiondoka, Mama atabaki na kuku wake na Ombati. Nimeandika sentensi hiyo ili nione inavyoonekana ikiandikwa. Inatisha vilevile.

Alinipa mguu wa kuku. Nikashindwa kuumaliza.

Jumapili, 9 Machi

Sasa niandike lile la Kebirigo, maana hata hapa nalizungukazunguka.

Omwenga ana duka la dawa pale sokoni. Ni mgane. Neno ni hilo, mwanamume aliyefiwa na mke, na Kebirigo nzima wanamwita mjane kama mimi, nami nimechoka kuwasahihisha. Nilikwenda kununua dawa ya presha ya Mama mwaka jana. Alinieleza namna ya kuimeza kana kwamba mgonjwa ni mimi. Nikarudi kuuliza swali ambalo halikuwa swali. Ndivyo ilivyoanza.

Nampenda. Basi. Nina umri wa kusema hivyo bila kuzunguka.

Leo tumegombana. Niliegesha nyuma ya kinu cha mahindi, mbali, nikatembea kwa miguu na mwavuli ingawa hapakuwa na mvua. Omwenga aliutazama mwavuli. Akasema dada yake anakuja kutoka Eldoret Jumapili ijayo, anataka kuniona. Mchana. Gari mbele ya duka. "Mimi si bidhaa ya magendo," akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikamwambia anipe muda. Akasema amenipa. Ni kweli.

Si rahisi kama anavyofikiri. Kwetu mahari haikuzikwa na Makori. Mimi bado ni mke wa boma lile, na ng'ombe waliotolewa bado wanahesabiwa midomoni mwa kina Ombati. Lakini ingekuwa Ombati peke yake ningeshampita zamani. Ni Mama. Sitaki asikie kwa watu. Sitaki asikie kwangu pia. Sitaki asikie.

Stika nyeusi. Nikifunika kila kitu nitafika Kebirigo mchana na hakuna atakayejua ni mimi. Dada atafurahi, Omwenga atafurahi, Sironga watalala. Nimeona njia.

Jumanne, 11 Machi

Nimelipeleka gari kwa Hassan saa ya chakula cha mchana. Kijana mpole, familia yao imekaa Kisii tangu babu yake afungue duka la vitambaa, na anazungumza Kiswahili kilichonyooka mpaka nikaona haya ya kuchanganya. Nikazunguka gari naye. Nikagusa kimoja kimoja. "Futa kromu yote. Hii, hii, hii. Isibaki hata moja. Nataka nikilitazama kesho nishtuke."

Akauliza, "Yote, Mwalimu?"

"Yote. Usiniachie doa."

Nimepanda kilima cha Nyanchwa kwa miguu hadi nyumbani. Mwendesha boda aliyenizoea alinifuata akipiga honi, haamini kwamba natembea. Nilitaka kutembea. Miguu haikutaka kutulia. Nimepanga vitabu, nimevipangua. Nimefua pazia ambalo lilikuwa safi.

Jumatano, 12 Machi

Siwezi.

Nimefika dukani, gari liko kivulini na bado linaniumiza macho. Linawaka. Tangu Makori alinunue halijawahi kuwaka hivi. Grili unaweza kujichana nywele mbele yake. Hassan amesimama kando, mikono imekuwa myeusi kwa dawa ya kung'arishia, anasubiri nimsifu.

Nikamuuliza amefanya nini.

"Umesema futa, Mwalimu. Nimefuta. Mpaka pembe za taa nimeingia kwa mswaki. Ulisema nisikuachie doa, nami sikukuachia."

Futa.

Ubaoni nafuta. Kwenye daftari nafuta kosa. Kwa mwalimu, kufuta ni kuondoa, na ninachofuta hakipo tena. Kwa mwenye gari, kufuta ni kushika kitambaa. Miaka yote hii nafundisha maneno yenye maana zaidi ya moja, kaa na kaa, paa na paa, na nimeingia shimoni kwa mguu wangu mwenyewe.

Nilimfokea. Kisha nikacheka. Kisha sijui nilikuwa nikifanya kipi. Hassan akanipa kiti na soda. "Ungesema tu 'piga blaki', hata mtoto angekuelewa." Kweli, ila ningekufa kabla ya kutamka hivyo.

Stika nyeusi aliyonayo haitoshi, nyingine inatoka Nairobi wiki ijayo. Wiki ijayo! Dada wa Omwenga ni Jumapili hii.

Alhamisi, 13 Machi

Wanafunzi wamejipiga picha kwenye mlango wa gari langu. Nimewafukuza.

Nimempigia Omwenga nikakata kabla hajapokea. Akapiga, sikupokea. Hasira. Kwa nani, sijui. Kwa Makori kidogo. Mtu afe lakini achukue taa zake.

Jumamosi, 15 Machi

Sironga tangu jana. Nimefika nikiwa mwangalifu kuliko siku zote, jua liko usoni mwa gari. Watoto hawakusema Kioo. Walipiga tu kelele wakiziba macho, wakacheka.

Mama alikuwa nje. Aliliona likipanda. Akashika nguzo ya baraza, kisha akageuka akaingia ndani bila kunipokea. Hajawahi kufanya hivyo. Nilikaa ndani ya gari na funguo mkononi, nikijua: Ombati ameshasema.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akaniwekea chakula. Hakutaja kitu. Leo kanisani tumekaa kiti kimoja, amenishikia Biblia nilipokuwa nikitafuta miwani, na hakutaja kitu. Ningependa anitukane. Kimya hiki kinanitafuna.

Mchana Ombati amepita, akalizunguka gari mikono mgongoni. "Shemeji, hii sasa hata Kisumu wanaiona." Akacheka peke yake.

Nimechoka kuogopa. Naliandika hivyo hivyo lilivyo. Nimechoka.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda.

Nilimwambia Mama naenda Kebirigo. Hakuuliza kufuata nini. Nikaliwasha gari, nikalipeleka jinsi lilivyo, linawaka kama sufuria mpya, kupitia katikati ya soko mchana kweupe. Mama mboga wakageuka. Mwenye kinu aliyezoea kuniona nikijificha nyuma kwake alinipungia mkono. Nikaegesha mbele ya duka la dawa, mlango kwa mlango. Nikafungua mlango nikashuka.

Omwenga alitoka na koti lake jeupe. Alilitazama gari, akanitazama mimi. "Leo umekuja," akasema. Basi. Dada yake ni mrefu, ana sauti nzito, alinikumbatia akanipa kabichi mbili za Eldoret. Tulikula samaki. Nilicheka mara nyingi kuliko inavyofaa mtu anayekutana na wifi kwa mara ya kwanza.

Lakini sikutulia. Kila aliyepita mlangoni nilimwona akichukua habari kwenda nayo Sironga. Nikaaga mapema. Niliendesha kwa kasi ambayo ningemkanya nayo mtu mwingine. Nilitaka niwahi kabla ya Ombati.

Nimemkuta Mama jikoni. Nikasema yote nikiwa nimesimama, kabichi mkononi. Jina lake, duka lake, tangu lini, kwamba nampenda, kwamba sitaki kumwacha yeye. Nilisema kwa Kigusii na bado maneno yalinipotea.

Alikuwa anajua. Tangu Krismasi. Ombati alimwambia, naye akamwambia Ombati aende akalime.

Nikamuuliza basi mbona Ijumaa aliniona akaingia ndani.

Alichochea moto. Kisha akasema, na naandika kama nilivyomsikia: "Ni ile taa. Kila Ijumaa ikimulika pale kwenye kona mimi nasimama. Najua Makori alikufa, nilimzika mimi. Lakini mwili unasimama kwanza, ndio akili inakuja nyuma. Halafu mlango unafunguka, unatoka wewe. Nakupenda, mokamwana, mke wa mwanangu, na kila Ijumaa nasikitika kukuona. Juzi ilimulika sana. Nilimwona kabisa."

Miaka minne. Nilidhani naliacha gari ling'ae kwa ajili yake. Yeye alidhani naling'arisha kwa ajili yangu. Hakuna aliyetaka kumwuliza mwenzake.

Nililia nikiwa nimeshika kabichi zile. Yeye hakulia. Akasema Omwenga aje. Asiende kwanza kwa wazazi wangu, aje hapa, mchana, akae kwenye kiti, aombe. "Waliokuzaa wataongea ukifika wakati wao. Lakini anayekutoa hapa ni mimi. Si Ombati."

Sijui mila inasemaje juu ya hilo. Nadhani ameitunga palepale jikoni. Sitamsahihisha.

Alhamisi, 20 Machi

Stika imefika. Nimempelekea Hassan gari. Nikasimama mbele ya watu wote nikamwambia, "Hassan, piga blaki." Alicheka mpaka akashika ukuta. Akanyoosha kidole akigusa kimoja kimoja, anauliza hiki pia, hiki pia. Nikasema ndiyo kwa kila kimoja. Kifuniko cha tangi nikasita. Nikasema ndiyo.

Nilibaki kuangalia. Anapasha stika moto kwa mashine, inalegea, anaivuta na kuibandika kwa kidole gumba, anakata ukingo kwa wembe. Haikwaruzi chochote. Kromu iko chini, nzima. Nilimwuliza kama siku moja mtu anaweza kuibandua. Anaweza.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefika Sironga jua likiwa juu bado. Watoto walikuwa wakicheza mpira njiani. Wakasogea wanipishe kama wanavyompisha mtu yeyote, mpira ukaendelea.

Hilo sikulitegemea. Nilisimama kidogo pale kwenye kona, injini inanguruma, nikalia kidogo. Kwa mara ya kwanza Makori hakuja. Nimekuja mimi tu.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, ungo wa maharagwe mapajani. Alilitazama gari likiingia, akarudi kwenye maharagwe yake. Nikazima. Nikashuka. Hapo ndipo alipoinua uso, akatabasamu.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Nikavua viatu nikakaa kando yake. Maharagwe ya msimu huu yana mawe mengi.