Betri Niliyoiapia

Jumatano, Mtongwe. Mawingu yamefunga tangu alfajiri na mvua haishuki. Adhuhuri nimeswali bila kujua niko rakaa ya tatu au ya nne. Nimesujudu sijda ya kusahau, na hata hiyo moyo haukuwapo.

Nina jambo sijamwambia mtu. Nawaambia nyinyi mnaopita ukurasani hapa, maana wengi wenu hamnijui sura.

Mimi hutengeneza betri kuukuu za magari. Betri ikikaa muda mrefu bila chaji, mabamba ya risasi yaliyomo ndani hugandwa na chumvi nyeupe. Chaja yangu nimeiunda mwenyewe kwa vipande vya redio na kompyuta mbovu. Haimimini umeme, huupiga kwa vishindo vidogovidogo, siku tatu au nne, mpaka ile chumvi iachie. Si zote hupona. Zinazopona zimenipatia jina: barazani pa msikiti wananiita Mfufuaji. Mara ya kwanza nilisema astaghfirullah, hilo si jina la mja. Mara ya tatu nikacheka. Siku hizi nikiitwa naitika.

Jirani yangu Bi Saumu, tangu afiwe na mumewe, hufuga samaki kwenye tangi nyuma ya nyumba. Vifaranga vya tilapia, vingi, vimebanana. Vinaishi kwa pampu ndogo ya hewa, na stima ya huku mnaijua. Akaniomba betri ya kushikilia. Nikamtengenezea moja ya lori.

Kwa kawaida simpi mtu betri kabla sijaifunga taa ya gari iwake kutwa. Mita pekee haitoshi. Betri iliyochoka ikiwa imepumzika huonyesha nambari nzuri, ukiibebesha kazi inaanguka. Hii niliifunga taa asubuhi. Kabla ya Adhuhuri mwanga ukawa mwekundu. Nikajiambia waya haukukaza. Nikaizima taa, nikaichaji betri tena, mita ikapanda, nikaamini mita.

Niliona. Nikajifanya sikuona.

Nilipoipeleka, Bi Saumu aliizunguka kama mtu anayechagua mbuzi. "Baba Zuhura, kizee hiki kitashikilia kweli? Mimi nna roho za viumbe humu ndani."

"Wallahi," nikamwambia, "itapiga asubuhi mpaka Magharibi."

Niliapa kwa jina la Mungu kwa ajili ya betri. Hakuna aliyenilazimisha.

Jumapili alikwenda Shanzu kwa nduguye, kwa sababu mimi nilikuwa nimemtoa wasiwasi. Stima ikapotea saa tatu asubuhi. Aliporudi Alasiri pampu ilikuwa kimya kitambo, na vifaranga vimeelea juu vyote, midomo wazi. Nilimsaidia kuvitoa kwa chujio la nazi. Tulijaza ndoo mbili. Hakulia. Alisema, "Ni kadari ya Mungu. Wewe umenisaidia sana, ndugu yangu."

Nikaitikia "alhamdulillah" na nikaenda zangu.

Kadari naiamini. Lakini ile taa ilififia mbele ya macho yangu, na mkono ulioizima ni wangu.

Tangu Jumatatu nimefunga. Kafara ya kiapo naijua: kulisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Leo ni ya tatu. Nilidhani kufikia leo nitakuwa mwepesi. Wapi! Kafara ni baina yangu na Mola wangu. Haki ya Bi Saumu iko palepale, na yeye hata hajui kwamba ana haki ya kudai.

Asubuhi alinisimamisha langoni, uso umechangamka kwa mara ya kwanza wiki hii. "Vyengine vyaja Ijumaa. Niichajie betri ile ile, nishaizoea."

Nikasema, "Inshallah."

Yaani niliutumia hata huo mdomo wa swaumu kujificha.

Siogopi hasira yake. Naogopa atanisamehe haraka, kwa ile huruma yake, kabla sijamaliza kusema. Kwa hiyo sitaanza na salamu ndefu, wala habari za waya na chumvi. Nimeandika sentensi ya kumwambia nikaifuta mara mbili. Ya tatu ni hii, na nimeiacha:

Bi Saumu, nilijua.

Naufunga ukurasa huu. Nasikia anafagia uani kwake. Naenda sasa hivi.