Nilikumbatia Koti, Mtoto Hakuwamo

Maskati, Alkhamisi, Januari 1969

Baridi kavu leo. Jua limetoka lakini halina nguvu, na upepo unaoshuka majabalini unapenya chini ya mlango. Nimekaa mkekani, mgongo ukutani, mwandiko wangu umepinda kama wa mtoto anayeanza chuo cha Kurani.

Khalfani yuhai.

Naliandika hilo kwanza nilione kwa macho. Yuhai. Amelala hapa ubavuni kwangu, ana bandeji kwenye paji la uso, na shavu moja limevimba likawa la buluu. Anapumua. Nimemwekea kiganja mgongoni mara nyingi sana tangu jana, mpaka Shangazi Muzne kaniambia nimwache alale.

Tuliondoka jana alfajiri kwenda bara, ndani huko majabalini, kwa baba wa mume wangu. Mzee anaumwa, na kila anayeshuka kutoka huko anasema hali si nzuri. Hajapata kumwona mjukuu wake, naye ndiye mwenye jina. Khalfani wangu kaitwa kwa jina lake. Alimtumia Nasor, mume wangu, maneno kupitia kwa mtu: "Mleteni somo yangu nimwone." Maneno mafupi tu. Nasor aliyasikia akatoka nje, hakurudi mpaka macho yake yalipokauka.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja. Baridi niliyoijua mimi ni ile ya masika, unajifunika kanga, unakunywa chai ya tangawizi, imekwisha. Tangu tuhamie hapa nimekuwa nikisikia habari za baridi ya majabalini: maji yanashika barafu kwenye mtungi, watoto wanashikwa na kifua hawaamki. Kwa hiyo niliiogopa baridi. Sikuogopa njia, sikuogopa mawe, wala gari. Baridi tu.

Shangazi Muzne, shangazi yake Nasor tunayekaa naye, kazaliwa huko huko bara. Yeye ndiye aliyenizidishia hofu.

"Mwanangu, nnakwambia, baridi ya huko haina haya," alisema. "Inaingia mpaka ndani ya mfupa."

Basi nilimvisha. Fulana mbili. Sweta la sufu. Suruali mbili, soksi, kofia iliyofunika masikio. Shangazi akaleta koti la zamani la Nasor, zito, la sufu ndani na nje, tukamtia mtoto humo tukafunga vifungo vyote. Juu ya koti, blanketi. Tulipomaliza kumvisha, mikono yake ilisimama ubavuni, haikunjiki, na uso ukabaki kidogo tu katikati.

"Huyu mtoto au godoro?" Nasor aliuliza.

Tulicheka sote. Nikampakata, nikamzungushia kanga yeye na mimi pamoja, nikaifunga fundo nyuma ya mgongo wangu. Nililivuta fundo kwa nguvu zangu zote. Lilikaza. Nikajiona mama hodari.

Dereva wetu ni Hamed, mtu wa makamo, anapeleka mchele na sukari bara kwa gari ya turubai, isiyo na ukuta baina ya dereva na mizigo. Nasor alikaa mbele naye. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, karibu kabisa na ubao wa nyuma, na niliomba turubai likunjwe kwa sababu harufu ya petroli inanichafua moyo. Lango la mji lilipofunguliwa tukatoka. Upepo ulinikata uso. Nilimtazama Khalfani ndani ya koti lake, macho makavu, ametulia, nikasema alhamdulillahi, nimefanya la maana.

Jua lilipopanda tuliiacha njia ya Sib, ya pwani, tukageukia majabalini. Hapo akaanza kulia. Uso ulikuwa mwekundu. Nilitia kidole shingoni mwake, kikatoka kimelowa. Jasho, Januari! Nilitaka kumvua koti, kisha nikawaona wale watoto wasioamka. Sikumvua. Nilimfungua kifungo kimoja tu, cha shingoni. Alipindapinda mle ndani kwa muda, akinipiga magoti tumboni, halafu akanyamaza. Nikajua kasinzia.

Hakusinzia. Sasa ndiyo najua alichokuwa akifanya. Alikuwa anatoa mikono yake kwenye mikono ya koti.

Tuliingia kwenye wadi, mto ule usio na maji, mawe matupu. Kuvuka kwake si shida. Shida ni kutoka, maana ukingo wa pili umesimama kama ukuta. Hamed aliisukuma gari kwa kasi. Pua ikaelekea mbinguni, magunia yakanisukuma nyuma, gurudumu likapanda jiwe na kuanguka. Nilimkumbatia mwanangu kwa mikono yote miwili.

Uzito ukaisha.

Sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nimekumbatia kitu, nikawa sijakumbatia kitu, na mikono yangu ilikuwa pale pale. Nilitazama chini. Kofia ilikuwepo. Kola ya koti ilikuwepo. Ndani ya kola hamna kichwa.

Niligeuka. Alikuwa nyuma ya gari, chini, juu ya changarawe, kifudifudi, kabaki na sweta na suruali zake. Kateleza kwa chini, kapita kati ya koti na mapaja yangu, kavuka ubao. Hakulia. Hakujitikisa.

Na hapo hapo injini ikazimika. Nikamsikia Hamed akisema "tawakkal", tumwachie Mungu, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, na gari ikaanza kurudi nyuma taratibu ili aushike ukingo upya.

Sauti haikunitoka.

Nilifungua kinywa na kinywa kilikuwa kitupu. Nimesoma kwamba mtu akiogopa sana hupiga kelele. Si kweli. Mimi sikuwa na kelele. Nilikuwa na koti na blanketi tu, vimelegea ndani ya kanga, nikavichomoa vyote kwa pamoja nikavitupa mbele juu ya kichwa cha dereva. Furushi likamwangukia Hamed mikononi.

"Mtoto!" alipiga ukelele. "Ya Rabbi, mtoto!"

Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nasor akalirukia lile furushi, akalikumbatia, akaanza kuutafuta uso ndani yake. Nilimwona. Alikuwa anafunua tabaka moja, anafunua jingine, kama anayemenya kitunguu, na rangi ilimtoka. Sikumngoja. Nilikuwa nimesharuka chini.

Kati ya gurudumu na kichwa cha Khalfani ningeweza kulaza mkono wangu, kutoka kiwiko mpaka vidole. Si zaidi.

Nilimvuta, nikamgeuza. Kinywa kimejaa mchanga. Nikautoa kwa kidole, nikamlaza begani, nikampiga mgongoni, nikamwita jina lake na jina la babu yake, na mwishowe alivuta pumzi ndefu, ndefu, mpaka nikadhani haitakuwa na mwisho, halafu akalia. Alilia kwa hasira. Damu ilikuwa inamtiririka kutoka kwenye paji la uso na yeye ananipiga makofi kifuani. Nilimwambia nipige, baba, nipige.

Nasor alifika na koti bado lipo mkononi. Alinitazama, akamtazama mtoto, akalitazama koti.

Hamed alitia jiwe nyuma ya gurudumu, kisha akakaa juu ya jiwe jingine. "Umm Khalfan," aliniambia kwa Kiarabu, yaani mama Khalfani, "nilidhani umenitupia mwanao. Nikasema huyu mwanamke kapandwa na wazimu. Nilishika breki kwa ajili ya wazimu wako." Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akafunika uso kwa ncha ya kilemba chake akalia kama mfiwa.

Tukageuza gari, mchele na sukari yote. Njia nzima ya kurudi nilimbana Khalfani kifuani kwangu, sweta nimemvua, kabaki na fulana zake tu, shavu lake kwenye ngozi yangu, na Nasor alituzungushia blanketi sote wawili kwa nje. Hakutoka jasho. Hakutetemeka. Alikuwa vuguvugu kama mkate.

Hospitali ya Matrah daktari alimshona, akampapasa mifupa yote mmoja mmoja, akamwangalia macho kwa taa. Hakuna kilichovunjika. Akasema tumtazame siku hizi. Akitapika au akilegea tumrudishe upesi. Hajatapika. Asubuhi ya leo kala uji akaudai tena.

Lakini lililonipiga mara ya pili nililikuta nyumbani.

Shangazi Muzne alitaka kunivua nguo zilizojaa damu. Akazunguka nyuma yangu.

"Asya," aliniita.

"Labeka."

"Mbona fundo lako halijafunguka?"

Nilipeleka mkono mgongoni. Kanga ilikuwa bado imenizunguka, imening'inia, na fundo ni lile lile nililolifunga alfajiri. Halikulegea hata kidogo. Ilibidi Shangazi atumie meno kulifungua. Nasor akalileta koti tukalitazama: vifungo vimefungwa, ila kile kimoja cha shingoni. Blanketi halikuchanika.

Kutoka pale wadini nilikuwa nikijiambia kuna kitu kilikatika. Fundo lilifyatuka, kanga ilipasuka, mikono yangu iliteleza. Mtu anaweza kuishi na hilo; vitu hukatika. Kumbe hapakukatika kitu. Kila nilichokifunga kilibaki kimefungwa. Nilikuwa nimelifunga koti, nalo koti lilishika vizuri kabisa. Mtoto nilimweka ndani yake tu, kama punje kwenye ganda pana, na kadiri nilivyomzidishia nguo ndivyo nilivyozidisha nafasi ya yeye kutoka.

Nimelifikiria hili tangu jana.

"Ni mimi niliyeleta koti," Shangazi alisema.

"Ni mimi niliyefunga."

"Ni mimi niliyekutia hofu."

Alinichotea maji nikaoga.

Asubuhi hii Nasor aliniambia kwamba Hamed atapanda tena bara wiki ijayo, na yeye atakwenda naye peke yake.

"Na Mzee aliyemwita somo yake?" nikamwuliza.

"Atamwona akipona."

"Akipona nani?"

Nasor alivaa viatu vyake. Alijua nimeuliza nini. Anayeumwa huko hatangojea mtoto huyu akue, na hakuna picha wala maneno yatakayoweza kumwekea mjukuu mapajani. Nilimwacha na swali lile akaenda nalo dukani.

Kisha nikafanya jambo ambalo bado sijui kama ni la mwenye akili timamu. Aliporudi baada ya Adhuhuri alinikuta nimesimama katikati ya chumba. Khalfani nilikuwa nimemvisha fulana moja, sweta jembamba linalomkaa mwilini, suruali moja na soksi. Nilimfunga kwa mbeleko, kifua chake juu ya kifua changu, kitambaa kimepita chini ya makalio, katikati ya mapaja, kikapanda mgongoni mwake na kuvuka mabega yangu. Hapakuwa na nafasi ya kupitisha kidole baina yetu.

"Mvute," nilimwambia.

"Nimvute nani?"

"Mtoto. Mshike kiunoni umvute chini."

"Asya, umeingiwa na nini? Mtoto kashonwa jana."

"Kichwa usikiguse. Mvute kiuno."

Alimvuta kidogo, kwa woga. Nikamwambia gari haivuti hivyo. Akavuta tena. Nikamwambia Nasor, mimi nilikuwepo, najua inavyovuta, vuta! Na Nasor, aliyekuwa hajainua sauti tangu jana, alipiga yowe akavuta kwa nguvu, na mimi nikaja na mtoto, sote wawili, tukamwangukia tukakaa chini chungu moja. Khalfani alicheka. Aliona ni mchezo. Bado alikuwa kifuani kwangu, pale pale, hajashuka hata upana wa kidole.

Shangazi akatoka chumbani kwake na blanketi. Akatufunika kwa juu, mimi na mtoto pamoja, akaacha uso wa mtoto nje. "Sasa mtapata joto," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Na jua likitoka mnalivua hili peke yake. Hamfungui kitu."

Nasor alikuwa bado kaishika ile mbeleko. Hakuiachia.

"Sitakaa mbele," alisema. "Nitakaa nyuma pamoja nawe, mgongo wangu kwenye ubao. Akitoka, itabidi apite kwangu."

"Na pale ukingoni?"

"Pale hatupandi na gari. Tutashuka tuupande kwa miguu, Hamed atatukuta juu. Akikataa, tutarudi na sukari yake mara ya pili."

Basi tutakwenda, daktari akiridhika. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana, na nimekubali kwa kinywa changu.

Ila mwili wangu haujakubali. Nikifumba macho mikono inajikunja yenyewe kutafuta uzito. Najua sasa namna ya kumfunga, nimeijaribu kwa nguvu za mwanamume mzima, na bado siku hiyo alfajiri itanibidi niinue mguu niuweke juu ya chuma cha ile gari, na Nasor atakuwa juu ya magunia amenyoosha mkono anivute.

Nitaushika mkono huo?