Mtindi wa Mama Mkwe na Vikopo Sita vya Stroberi

Mshauri wetu mpendwa,

Shikamoo kama umri wako unastahili, na kama u mdogo kwangu basi nisamehe, maana maandishi yako yana sauti ya mtu mzima. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, fundi wa mafriji, nina mke mwalimu na watoto wawili, sinywi pombe, sivuti sigara, sina mwanamke wa nje, na naomba uniokoe kabla ya Jumapili, kwa sababu siku hiyo nitakalishwa kitako mbele ya wajomba wawili wa mke wangu nieleze kwa nini nina mwanamke wa nje.

Jambo lenyewe lilianza miaka kumi na moja iliyopita nilipokwenda kujitambulisha nyumbani kwa kina mke wangu, nimevaa shati la kuazima, na mama mkwe akaniletea bakuli la mtindi anaoutengeneza mwenyewe, ule mzito anaouchuja kwa kitambaa na kuukamua kwa mikono mpaka kijiko kinasimama chenyewe, hauna sukari, hauna chumvi, hauna huruma, nami nikapeleka kijiko cha kwanza mdomoni, masikio yakasisimka, taya zikashikana, machozi yakanilengalenga, na mama mkwe, aliyekuwa amekaa mbele yangu kama daktari anayesubiri sindano ifanye kazi, akayaona yale machozi akauliza, "Vipi, baba?" nami kwa kuogopa kunyimwa mke nikajibu, "Mama, sijawahi kuonja kitu kama hiki," jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa, ila yeye akalielewa kwa upande mwingine, na mimi sikumrekebisha.

Tangu siku hiyo, mshauri, kila Jumamosi naletewa ndoo yangu. Siyo ya nyumba nzima, yangu, ina mfuniko wa bluu na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Nyumbani kwetu kila mtu ana anachokipenda na anakisema waziwazi: mke wangu hunywa yogati nyepesi ya vanila akisahihisha madaftari, binti yangu hutia asali kwenye yake, mdogo wake hataki yenye vipande vya matunda kwa sababu anasema vinamtazama, na wote wanaishi kwa amani na ladha zao. Mimi peke yangu ndiye niliyepewa ladha nikiwa mtu mzima, nikaivaa kama sare.

Ukweli ninaokuandikia hapa sijawahi kuutamka mbele ya mtu. Mimi napenda yogati ya stroberi. Ile tamu, ya pinki, ya kikopo, yenye utamu mpaka meno yanalalamika. Nimejaribu ya vanila nikaona imepoa moyo, nimejaribu ya embe nikaiheshimu tu, ya nazi sikuielewa, lakini ya stroberi, mshauri, nikiifungua hulamba kwanza kifuniko, halafu ndipo nakuwa mtu. Na ubaya zaidi ni kwamba kwa kuilinda heshima yangu ya mtindi nimekuwa nikiisema vibaya hadharani, hata tukiwa dukani na watoto wakiigusa nasema, "Wekeni chini, hiyo ni rangi ya kucha."

Basi nikawa naila karakanani. Friji likishatengenezwa ni lazima liachwe linawaka siku nzima likiwa na kitu ndani ili nijue linapoza kweli, mafundi wengine huweka chupa za maji, mimi huweka yogati, na kwa hiyo kila friji la mteja limekuwa kabati langu. Ndoo ya mama mkwe nayo huibeba Jumatatu kana kwamba ni chakula changu cha mchana, na kumpa jirani yangu wa karakana, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye anaupenda ule mtindi kwa moyo wake wote, na kwa miaka kumi na moja mama yule amemnenepesha mtu ambaye hajawahi kumwona. Siku hizi kifundo cha mkono wa kulia wa mama mkwe kimevimba na daktari amemkataza kukamua chochote, lakini anasema, "Nikiacha, mkwe wangu atakula nini?" Basi.

Sasa wiki mbili zilizopita mwalimu mkuu wa shule anakofundisha mke wangu, mama mmoja mjane, mpole, alileta friji lake, lilikuwa na tatizo la kompresa na raba ya mlango, nikalitengeneza, nikaliwasha, nikapanga ndani vikopo vyangu sita, kisha nikaitwa kwenye kazi nyingine ya haraka, na gari lake likaja kulichukua mimi sipo. Fundi wa kuchomelea ndiye aliyesaidia kulipakia, likiwa wima, vikopo vikiwa bado ndani. Asubuhi yake yule mama akasimama katikati ya chumba cha walimu, wote wakiwepo, akamwambia mke wangu, "Mwalimu, mshukuru sana mumeo. Friji limefika, na ile yogati nimeikuta. Amejuaje kwamba stroberi ndiyo ninayoipenda?"

Mke wangu alirudi nyumbani hakuvua hata mkoba begani.

"Baba watoto," akasema, "mwalimu mkuu anapenda yogati gani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Stroberi. Vikopo sita. Tena umevipanga rafu ya juu, vyote vimetazama mbele."

Hapo ndipo ningesema. Badala yake ulimi ulikimbia peke yake nikasema ni zawadi, siku hizi tunawapa wateja zawadi.

"Jirani yetu wa hapa mtaani ulimtengenezea mwezi uliopita. Ulimpa nini?"

Nikaanza kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Alilalamika kwamba hata waya hukumkunjia," akasema, akaingia chumbani, na tangu siku hiyo ananisemesha kupitia kwa watoto: mwambieni baba yenu maji yamechemka, mwambieni baba yenu wajomba watakuja Jumapili. Na shuleni anapishana na mwalimu mkuu kwenye korido bila kumsalimia, na mama wa watu hajui kosa lake.

Swali langu ni hili, mshauri, na usinicheke. Je, nikubali tu kwamba nilimtamani mwalimu mkuu, nipige magoti, niombe msamaha, yaishe? Maana mambo ya wanawake wajomba wale wanayaelewa, wana utaratibu wake, mtu anagombezwa, anaomba radhi, tunakula, tunaondoka. Lakini stroberi nitawaelezaje? Na mama mkwe atakuwepo.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi Baridi

*

Fundi Baridi,

Shikamoo yako nimeipokea, nimeistahili muda mrefu. Barua ilinifikia Alhamisi, na kwa kuwa ukurasa huu hutoka katikati ya wiki, ungeyasoma majibu yangu wajomba wakiwa wameshakula na kuondoka. Ndiyo maana nilikupigia simu kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Leo nawaeleza na wasomaji, maana nina hakika hauko peke yako. Kuna mtu anasoma hapa huku ameficha biskuti.

Kwanza, pole. Bakuli la kwanza nalielewa. Kila aliyewahi kwenda ukweni amemeza kitu akitabasamu. La pili nalo nalisamehe, ulikuwa bado mgeni. Lakini la mia tano, baba, hilo ni lako peke yako.

Pili, umeniudhi. Unataka kukiri dhambi usiyoitenda kwa sababu ina utaratibu! Na yule mwalimu mkuu je? Mama wa watu kaleta friji bovu, karudishiwa zima, kashukuru kwa adabu mbele ya wenzake, halafu wewe umpake uzinzi ili usionekane unapenda kitu cha pinki? Siku akisikia, nani atamweleza jina lake litasafishwa kwa sabuni gani?

Na la tatu ndilo lililonifanya nishike simu. Umeniandikia kurasa nne. Kifuniko cha yogati unavyokilamba umekieleza vizuri mpaka nikahisi njaa. Mkono wa mama yako mkwe umeupa sentensi moja, ukaweka "basi", ukarudi kwenye vikopo. Bibi mzima anakamua kitambaa kwa kifundo kilichovimba, amemkaidi daktari, kwa ajili ya mwanamume ambaye Jumatatu anakigawa kile alichokamua. Hapo ndipo kosa lako lilipo, Fundi. Stroberi haina kesi.

Nilikuambia: mkeo Ijumaa, mama yake Jumamosi kabla hajakamua, na usitume mtoto wala ujumbe wa simu. Ukaniuliza kama unaweza kuanza na wajomba. Nikakata simu.

Haya, ulikwenda. Ijumaa jioni ulimwambia mkeo jikoni, naye hakukuamini hata kidogo. Alivaa viatu, akatoka, akarudi na kikopo, akakuwekea mezani akasema, "Kula nione." Ukala. Uliponisimulia ulisema ulijitahidi kula kwa heshima, lakini mkono ulifanya ulichozoea, ukakilamba kifuniko pande zote mbili, na mkeo akavuta kiti akaketi. "Nimeamini," akasema. "Hakuna mwanamume anayeweza kuigiza hivyo." Ukadhani umepona. Ndipo akakukasirikia kweli: "Ingekuwa ni mwalimu mkuu ningejua pa kuanzia. Miaka kumi na moja nambebea mama yangu kitambaa cha kukamulia, nanunua maziwa asubuhi, na wewe unanitazama!" Ana haki. Mwache akasirike mpaka achoke mwenyewe, usimharakishe, na usimletee yogati ya vanila kumbembeleza. Ila nimefurahi kwamba alimpigia mwalimu mkuu usiku uleule akamwomba radhi, na kwamba kikao kimevunjwa. Naambiwa mjomba mkubwa alisema kwenye simu kwamba jambo la namna hiyo halijawahi kufikishwa kwake na asingependa liwe mazoea.

Jumamosi ndiyo iliyokufanya unipigie tena.

Ulimkuta mama jikoni, maziwa yalishaganda tangu jana yake, kitambaa kiko begani. Ulimwambia ukiwa umesimama. Yeye akaketi kwenye kigoda.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu bakuli la kwanza, mama."

"Na yale machozi?"

"Ulikuwa mchachu sana, mama."

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akauliza ulikuwa unakwenda wapi mtindi wake, ukamweleza habari za fundi wa kuchomelea, akasema, "Angalau kuna mtu." Halafu akakumiminia chai, kama anavyokumiminia kila Jumamosi, ukanywa, na kwa kutaka kumpoza ukasema, "Lakini chai yako, mama, ni nzuri kweli." Unaniapia kwamba ni kweli, kwamba hakuna chai unayoipenda kama hiyo. Naye akakutazama akasema, polepole, bila hasira:

"Sasa hilo nitalijuaje?"

Unaniuliza umjibu nini. Usimjibu. Maneno yako ya sifa katika nyumba ile yamekwisha, uliyatumia yote kwenye mtindi. Usiape, usimlilie, usimpelekee kitenge.

Fanya hivi. Jumamosi ijayo nenda mapema, nawa mikono, chukua kile kitambaa ukamue wewe. Una mikono ya kufungua kompresa, hutashindwa na mtindi. Yeye akae akuelekeze, akugombeze unavyokosea, na mkono wake upumzike kama daktari alivyosema. Mtindi ataula yeye na yeyote anayeupenda kweli, na fundi wa kuchomelea aende mwenyewe kuuomba, akashukuru kwa mdomo wake. Wewe usionje.

Chai akikupa, kunywa. Ikizidi sukari, sema imezidi sukari. Ikiwa imepoa, sema, "Mama, imepoa." Usisifu chochote pale mpaka umekosoa kitu mbele yake na akakununia kwa sababu hiyo. Itakuuma, na atakununia kweli, pengine wiki mbili. Vumilia, rudi, kaa palepale. Halafu siku moja sema tena kwamba chai ni nzuri, sauti ya kawaida, uendelee kunywa. Asipokuuliza kitu, akakuongezea tu, hapo ndipo utakuwa umekwenda kujitambulisha.