Profesa Aliyewasalimia Wazee wa Mtua

Semeni, acha unachofanya. Felomena yuko hapa intaneti kafe Nachingwea, kashika kichwa.

Ile CD yake unaikumbuka? Ile ya profesa wa Ulaya anayefundisha bure mtandaoni ugonjwa wa ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho. Jana kawaonyesha wazee wa Mtua pale kibanda cha video. Mtafsiri Felomena mwenyewe, kama wale wanaotia maneno kwenye filamu za Kichina.

Profesa kaanza somo bila salamu. Mzee Bashiri akauliza, huyu kwao hawakumfunda? Wenzake wakaanza kunyanyuka, na habari ya kupulizia dawa ya salfa hawajaisikia.

Felomena akatia maneno. "Anasema shikamooni wazee. Anasema poleni na mikorosho."

Shikamooni, Semeni. Na mwenzio profesa pale kwenye video anachora ukungu ubaoni.

Wakaitikia marahaba, wakakaa mpaka mwisho. Profesa kumaliza, kakusanya karatasi zake kaondoka. Felomena akamtilia na kwaheri: "Anasema mkimkaribisha, atakuja."

Mzee Bashiri akasimama. "Tumemkaribisha." Leo asubuhi kapita shuleni anakofundisha Felomena, kumwambia mbuzi wa mgeni keshatengwa.

Ndiyo Felomena kakimbilia hapa kumwandikia profesa barua pepe ya kumkaribisha. Alijua profesa atakataa, akawaonyeshe wazee hilo jibu, yaishe.

Kajibu sasa hivi. Anakuja mwezi wa nane.

Anakuja, Semeni. Anauliza ajiandae na nini.

Felomena anaandika, anafuta, weee. Mwishowe kaandika neno moja tu.

Shikamoo.