Jiwe la Kijani Korongoni

Papa wangu,

Nimeshuka! Juzi nimewaongoza watu korongoni pekee yangu, na sasa mutoto wako ni mwongoza wageni wa parki, kabisa. Nimerudi Likasi kumwambia Mama, naye hajaacha kupiga vigelegele. Lakini karibu nikose. Ngoja nikuambie.

Tangu tukuzike, mukubwa wa parki alikuwa ananiangalia tu. Mwishowe akasema: peleka kundi moja. Wakirudi wazima, na wasipotoka na kitu chochote cha korongo, kazi ya baba yako ni yako. La sivyo, rudi mjini. Papa, sikulala. Sikuwahi kushuka ile njia bila mgongo wako mbele yangu.

Na akanipa nani? Mama wanane wa kwaya ya parokia yetu, na vitenge vya Jumapili! Pale juu nilichuchumaa, nikapiga makofi polepole kuwasalimia wenye mahali, mizimu ya korongo, kama ulivyonifundisha. Wale mama walicheka, halafu nao wakachuchumaa. Tukashuka. Kiangazi kimekausha mto wote, chini ni mchanga mtupu, na kuta nyekundu zimekwenda juu huko. Walipoimba, korongo likaitikia. Nililia kwa furaha, sikufichi.

Kugeuka hivi, Mungu wangu! Wote wameinama, wanatemea mate mawe ya kijani na kuyasugua kwa vitenge waone kama yana shaba. Watu wa Likasi, mji wa migodi ya shaba! Tukiona kijani tu, mkono umeshaenda. Nikakumbuka siku yangu ya kwanza, ulivyonifokea: "Weye, rudisha ile jibwe kwake!" Nikawafokea vilevile. Wakayarudisha yote, huku wakinitania kwamba nimekurithi hata ukali.

Getini mukubwa akakagua mifuko yao. Safi. Akaniangalia: "Na yako?" Nikaingiza mkono. Papa… jiwe. La kijani. Sikumbuki hata kuliokota, ila nililijua: ni la pale ulipozoea kukaa tunywe maji.

Mukubwa akacheka mpaka akashika ukuta. "Uyu iko mutoto ya baba yake. Enda urudishe, halafu utaanza kazi."

Nikashuka mbio, bila mtu mbele wala nyuma, wala sikuogopa. Nikaliweka mahali pake, nikakaa kidogo, nikakuimbia.

Pumzika vizuri, Papa. Jumamosi naleta wanafunzi. Nakuahidi nitakagua kila mfuko, nikianza na wangu.

Mutoto wako,
Numbi