Keki ya Baridi

Jumatatu, 2 Julai 1956

Baridi kali. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, kama mtu amemwaga unga kutoka mlangoni mpaka mtoni.

Naanza daftari hili. Memsahib, bibi wa Kizungu niliyempikia, aliniachia yeye na bwana walipoondoka kwenda kwao mwezi wa tano – shajara ya mwaka huu, kila ukurasa na tarehe yake, kurasa za mwanzo amezichana. Aliniachia pia bati moja la keki, kopo la kakao lililobaki nusu, na cheti: Sedekia ni mpishi safi na hanywi. Hilo la pili ni ukarimu wake tu. Miaka kumi na minane jikoni kwa Wazungu!

Sasa niko nyumbani, mpishi asiye na jiko. Jiko lipo – nimelijenga mwenyewe kwa mianzi na udongo – lakini ndani yumo Ikupa, mke wa mwanangu Isakwisa. Na kwa desturi yetu Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Nikirudi shambani naanza kukohoa tangu mgomba wa tatu, ili apate nafasi ya kukimbia. Miaka miwili tunaishi ua mmoja, sijaona uso wake. Mgongo naujua. Na visigino – anakimbia vizuri.

Mchungaji anasema hayo ni mambo ya kizamani. Ikupa akajibu, kwa kupitia mke wangu, kwamba si mchungaji aliyemlea.

Basi nakula ninachopewa. Leo maharage yalikuwa yanagonga meno. Nimeyameza. Mtu aliyewapikia mabwana watatu wa serikali!

Jumanne, 3 Julai

Barua ya Isakwisa kutoka migodini Kitwe! Ya kwanza tangu Pasaka ya mwaka jana.

Nimeisoma uani. Mama Isakwisa kwenye kigoda, mikono mapajani. Ikupa nyuma ya ukuta wa jiko – nilijua yupo kwa sababu mchi ulinyamaza.

Nikaanza kwa sauti ya kanisani. Baba mpendwa, shikamoo. Mama yangu, shikamoo. Habari za majirani, habari za ng'ombe, habari za mvua. Halafu macho yakautangulia mdomo. Mistari minne, kwa penseli, mwandiko mzuri niliomlipia mimi mwenyewe shuleni:

Huku nimeoa. Tuna mtoto wa kiume. Sitarudi. Mwambie Ikupa aende kwao, asinisubiri.

Mama Isakwisa akauliza mbona nimekwama, ni macho? Nikasema ni mwandiko wa mwanao. Kisha mdomo ukapika wenyewe, bila mimi: Nitakuja Krismasi. Nisalimieni sana Ikupa. Asichoke kunisubiri.

Nyuma ya ukuta mchi ukaanza tena. Haraka haraka – kama ngoma.

Nimeificha barua sandukuni, katikati ya makaratasi ya zamani ya memsahib. Jani hufichwa msituni. Kesho nitamwambia mama Isakwisa, naye amwambie. Kesho.

Alhamisi, 5 Julai

Kesho haijafika.

Ikupa anaimba. Mama Isakwisa anasema jana usiku aliongeza chakula mara mbili, yeye aliyekuwa amekonda mpaka nguo zinamvaa. Na amerudi kwa Lusia, mke wa mwinjilisti, anayewafundisha akina mama kusoma kila Jumatano. Alianza Pasaka, akaacha, sasa amerudi.

– Mkamwana wako anataka mwenyewe asome barua za mumewe, mke wangu akanicheka. Amechoka na sauti yako ya kanisani.

Nikacheka nami. Wako kwenye ba be bi bo bu. Mpaka wafike kwenye nimeoa, mimi nitakuwa nimeshazikwa na migomba imeota juu.

Maharage ya leo yameiva.

Jumapili, 8 Julai

Asukile amekuja, kaka yake Ikupa. Mtu mpole, viatu mkononi ili visichafuke. Alikuja kumchukua dada yake. Miaka miwili bila mume, akasema, na kuna mjane mmoja Rungwe, mkulima wa kahawa, mtu wa kanisa, anamuulizia.

Huo ndio mlango, nikajiambia. Mungu ameufungua mwenyewe, wewe Sedekia ni kupita tu!

Mama Isakwisa akaenda jikoni na ujumbe, akarudi na jibu: Ikupa anasema mume wake anakuja Krismasi, barua imesomwa mbele ya watu, basi yule mjane atafute mwingine.

Asukile akanigeukia. Ni kweli, baba?

Nikasema ni kweli.

Aliondoka na viatu mkononi. Nimemsindikiza mpaka barabarani nikimweleza habari za bei ya kahawa. Mimi! Sina hata mche mmoja.

Jumatatu, 9 Julai

Adhabu nyingine, hii ina sukari.

Mama Isakwisa amekuja kuniambia, huku akijizuia kucheka, kwamba Ikupa ana ombi. Isakwisa aliwahi kumsimulia keki niliyokuwa nikimletea utotoni – mabaki ya mezani kwa memsahib, nikiyafunga kwenye kitambaa. Nyeusi, ina biskuti ndani, haikuchomwa popote, inakaa kwenye baridi tu mpaka inashikana. Alisema hajala kitu kitamu kama kile. Ikupa anataka kufundishwa. Ajifunze sasa, ili Krismasi mumewe aikute mezani.

Keki ya baridi. Nimeipika mara mia mbili labda. Kwa memsahib iligandishwa kwenye friji ya mafuta ya taa. Hapa friji yetu ni mwezi wa saba. Lakini Desemba ni mvua na joto, haigandi, inabaki uji. Nilitaka kusema hivyo, nikakumbuka kwamba kwa hiyo Krismasi hilo ndilo kosa dogo kuliko yote.

Nikasema nitamfundisha.

Jumatano, 11 Julai

Bartholomeo amepita! Rafiki yangu Mhehe, mpishi wa hoteli moja kule Iringa. Anakwenda Makongolosi kwa mdogo wake anayechimba dhahabu na kupata matope. Nilimpigia simu ya mdomo kwa dereva wa basi, naye ameleta biskuti paketi nne na siagi ndani ya jani la mgomba.

– Bwana Sedekia, akasema akitazama jiko, mpishi mzima unaomba maharage dirishani kama mfungwa!

– Dirisha lenyewe halipo.

– Ninyi watu mna heshima mpaka mnakufa njaa.

Nikampa togwa. Nikamwonyesha barua. Ndiye mtu wa kwanza. Alisoma mara mbili, akaikunja vizuri sana, kama leso ya mgeni.

– Umemwambia?

– Nitamwambia akishakula keki.

– Aa. Kwa hiyo unamnenepesha kwanza.

Hakucheka. Bartholomeo anacheka hata kwenye matanga. Akanywa togwa yake, akapanda basi. Nimerudisha barua sandukuni. Alhamisi keki, Ijumaa asubuhi tunakula, Ijumaa mchana nasema. Nimeandika hapa ili iwe amri.

Alhamisi, 12 Julai

Leo nimefundisha upishi nikiwa nimeupa upishi mgongo.

Nilikaa nje, juu ya kigogo, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Ikupa ndani. Mama Isakwisa mlangoni, katikati yetu, kama posta. Ikupa hasemi nami, ananong'ona kwa mama mkwe wake – ila mianzi haina siri.

– Mwambie avunje biskuti, asizisage. Ziwe kama mahindi yaliyokobolewa.

– Ikupa, baba yako anasema vunja, usisage.

– Mama, nimeshavunja.

– Anasema ameshavunja.

– Nimesikia.

– Kama umesikia, mimi nafanya nini hapa?

Ikupa akacheka. Kicheko kifupi, akakizima kwa kanga. Sikuwahi kukisikia.

Siagi kwanza, moto mdogo. Kisha sukari, maziwa, kakao mwishoni, ikichekechwa kwa vidole. Koroga bila kuacha, isichemke, ikichemka inakatika na mafuta yanaelea juu. Nilikuwa nafuata kwa pua. Siagi – sawa. Sukari – sawa. Kakao ikaingia, na harufu yake ikapita kwenye nyufa, na mara nikawa na miaka thelathini na tatu, aproni nyeupe, Isakwisa ananisubiri jioni njiani akitazama mfuko wangu na si uso wangu.

Halafu nikasikia ile sauti. Puu, puu – inaanza.

– Toa sufuria, moto mkubwa!

Nilimwambia yeye. Moja kwa moja! Kisha mlio wa sufuria ikitua chini. Mama Isakwisa akatazama mawingu. Wote watatu tukakubaliana bila kusema kwamba hakuna kilichotokea.

Nikaendelea kwa unyenyekevu. Sasa bati. Mwambie alitandike karatasi, aipake siagi, la sivyo keki haitoki, utaikwangua kama masizi.

– Karatasi ipi? mke wangu akauliza.

– Yoyote iliyo safi.

Akaingia nyumbani, akatoka. Nilikuwa nimefumba macho, natunga hatua inayofuata. Nikasikia akisema amepata moja nzuri, nyembamba, upande mmoja haujaandikwa. Nikasema hiyohiyo, upande safi uangalie keki. Mwalimu mkubwa!

Wakamwaga mchanganyiko juu ya biskuti, wakashindilia kwa mgongo wa kijiko. Sahani juu, jiwe juu ya sahani. Jioni bati likawekwa nje kwenye kichanja cha vyombo, ungo juu. Nimekaa nalo mpaka giza, nikifukuza mbwa wa jirani. Mbwa alinitazama kwa dharau. Hata yeye ameona mzee anayelinda keki.

Ikupa amemwambia mama Isakwisa: kama kuna baba mkwe mwingine duniani anayeweza kufundisha hivi, aonyeshwe.

Kesho mchana.

Ijumaa, 13 Julai

Nyasi nyeupe tena. Baridi nzuri ya keki.

Nimeamka na moyo wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Nikafikiri: nitoe barua, niwe nayo mfukoni, nisije nikapika maneno mengine. Nimefungua sanduku. Makaratasi ya memsahib yapo. Orodha za dobi zipo. Barua haipo.

Nimeyapekua mara tatu. Ndipo nikakumbuka. Nyembamba. Upande mmoja haujaandikwa.

Nimetoka mbio, kichanja kitupu. Ungo chini, jiwe chini. Ikupa ameshaliingiza bati ndani.

Jana jioni nilikuwa nalo peke yangu, bati hilo, nikipigana na mbwa!

Mama Isakwisa amekwenda mtoni kuchota maji. Nimemwita, mto unapiga kelele kuliko mimi. Nimesimama mbele ya jiko langu. Mlango ni ngozi tu ya ng'ombe. Mikono yangu ndiyo iliyoutundika. Nikiingia nitamwona uso, na hilo kwake ni kuvuliwa nguo. Sijamwachia kitu kingine zaidi ya hiyo heshima.

Nikakohoa. Aliyeko jikoni halazimiki kukimbia, jikoni ni kwake.

Nikasema na ukuta: Ikupa. Mwanangu. Usiligeuze hilo bati.

Hawezi kunijibu, najua. Labda alidhani ni hatua nyingine ya mapishi. Nikasikia bati likigongwa kwenye sahani, mara moja, mara mbili, kama nilivyomfundisha. Kisha ule mlio laini – keki imetoka. Imetoka vizuri, nzima. Nimeusikia mlio huo mara mia mbili. Kisha karatasi ikibanduliwa pole pole ili isichanike.

Nimekaa juu ya kigogo changu, mgongo ukutani, daftari gotini. Naandika kwa sababu mdomo umeshafanya kazi yake Jumanne ile.

Nilifikiri siagi itakuwa imefuta maandishi. Wino ungefutika. Isakwisa aliandika kwa penseli.

– Ba... ba.

Anasoma. Hanong'oni. Hakuna mama Isakwisa mlangoni wa kunong'onezwa. Anasoma kwa sauti, kuelekea ukuta, kuelekea mgongo wangu, sauti ndogo yenye mkwaruzo, na neno la kwanza aliloniambia katika miaka miwili ni hilo. Ba-ba. Lusia amefundisha vizuri. M-pe-nda... m-pe-ndwa. Anarudia, anafurahi kulipata.

Shi-ka-mo-o.

Angalau mwanangu nilimfundisha salamu ndefu. Bado mama yake. Bado majirani, ng'ombe, mvua. Kidole chake kinapita karatasini, nakisikia, kimeloa siagi.

Mama Isakwisa simwoni njiani.

Ng'o-mbe. M-vu-a.

Nimekohoa tena, kwa nguvu, kama kwenye mgomba wa tatu. Hakukimbia. Amengoja nimalize, kwa heshima, kisha akaendelea.

Hu-ku, anasema. Hu-ku.

Neno linalofuata lina silabi nne. Ameshapata ya kwanza.